Safari ya Mama Isingoje Uchungu

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakusema kwamba mzazi huyo auchukue uchungu wake peke yake, usiku, nyuma ya baiskeli, katika njia ya msituni. Jumapili hii, ndugu msomaji, tuzungumze juu ya jambo ambalo familia nyingi za mijini huliamua kwa dakika chache baada ya chakula cha jioni: mama akajifungulie wapi?

Desturi yetu inafahamika. Mimba ikiwa ya kwanza, binti hurudi kwao. Huko yuko mama yake mzazi, ambaye atamkanda kwa maji ya moto, atampikia uji, atamfundisha kumshika mtoto na kumnyonyesha. Naye mume, awe mfanyakazi wa kiwandani, karani, dereva au mwalimu, akisha kupiga hesabu za kodi ya chumba na bei ya mkaa, huona kwamba mjini hakuna mtu wa kumwuguza mzazi wakati yeye yuko kazini. Basi mizigo hufungwa, mke husindikizwa hadi stendi, na mume hurudi nyumbani akiwa na moyo mweupe kwamba ametimiza wajibu.

Nia ya desturi hiyo ni njema na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini kuna swali moja ambalo wengi wetu hatuliulizi kabla ya kukata tikiti. Huko aendako, kutoka mlangoni kwa mama yake hadi mahali penye mtu awezaye kumpasua na kumwongezea damu, ni mwendo wa muda gani?

Tuchukue Ugalla kuwa mfano wetu.

Reli ya Mawe

Ugalla ni kata ya Halmashauri ya Nsimbo katika mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya miombo na mizinga ya nyuki, ya mahindi na tumbaku, na ya samaki wa Mto Ugalla, ambao maji yake huingia Malagarasi na mwisho huishia Ziwa Tanganyika. Jirani yake ni Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania.

Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda hupita pande hizo. Serikali ya kikoloni iliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa Mpanda. Ilijengwa kwa ajili ya mawe, na waja wazito wa Ugalla hawakuwamo katika hesabu. Hata leo, ingawa imewafaa sana wananchi, treni haipiti kila siku wala haiwezi kumngoja mwenye uchungu. Lami nayo imefika Mpanda kutoka Tabora kupitia Sikonge na Inyonga, lakini vijiji vya Ugalla haviko kando ya lami hiyo. Vinategemea barabara za udongo, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua hugeuza sehemu za barabara hizo kuwa matope na mabwawa. Mwendo ambao pikipiki huumaliza kwa saa chache mwezi wa Agosti waweza kuchukua siku nzima mwezi wa Februari.

Hatua Tuliyopiga

Ni haki kusema kwanza kwamba nchi yetu haikukaa bure. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilianza kujengwa vijijini kwa wingi, na katika miaka ya 1970 huduma ya mama na mtoto ikaenezwa nchi nzima, ikiwa na kliniki zake, mizani yake na kadi zake. Mwaka 1987 mkutano wa kimataifa uliofanyika Nairobi uliiomba dunia iache kukitazama kifo cha mzazi kama jambo la kawaida. Mwaka 2007 Tanzania ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, ambao nia yake ilikuwa zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata.

Matunda yameonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika muda huo huo, wanawake waliojifungulia katika zahanati, vituo vya afya na hospitali waliongezeka kutoka 63 kwa kila mia hadi 81 kwa kila mia.

Hata hivyo wastani wa taifa hauwezi kumvusha mtu mto. Mama mmoja kati ya watano bado alijifungulia nje ya zahanati na hospitali. Mama huyo mara nyingi hakai Ilala wala Nyamagana. Hukaa mahali kama Ugalla, na mara nyingi ni yule asiye na fedha, asiye na simu yake mwenyewe, na ambaye ruhusa ya kuondoka nyumbani iko kwa mtu mwingine.

Ucheleweshaji wa Namna Tatu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye matatizo ya uzazi hucheleweshwa kwa namna tatu. Kwanza, nyumbani huchelewa kuamua kwamba apelekwe. Pili, akisha kuamuliwa apelekwe, huchelewa njiani. Tatu, akisha kufika, huchelewa kuhudumiwa. Maelezo yao yamefundishwa duniani kote, na yeyote aliyekaa kijijini atayatambua mara moja.

Tumfikirie mama mmoja wa huko, ambaye hatumpi jina kwa kuwa wenziwe ni wengi. Uchungu umeanza jioni. Mume yuko kwenye dago la uvuvi au mjini kwenye kibarua. Mama mkwe asema tungoje, kwani yeye alizaa saba na hakwenda popote. Kunapokucha mtoto hajatoka. Sasa wote wamekubali, lakini hakuna fedha ya pikipiki, na mwenye pikipiki hana petroli. Fedha inapopatikana jua limekwisha kuwa kali. Zahanati inafikiwa adhuhuri, na hapo mwuguzi, mwenye kufanya kazi ya watu watatu, anaona kwamba mama huyu ahitaji kupasuliwa. Kumbe safari ndiyo kwanza inaanza.

Hapa yafaa ieleweke vizuri kazi ya kila ngazi, maana wengi wetu hudhani kwamba panapokuwa na jengo lenye rangi na bendera basi kila kitu kimo. Zahanati humpima mja mzito, humpa dawa za kuongeza damu na za kumkinga na malaria, na humzalisha mama asiye na matatizo. Zahanati haipasui wala haiongezi damu. Kazi hizo hufanywa hospitalini, na katika vile vituo vya afya vilivyopewa chumba cha upasuaji, damu, na wataalamu wa kupasua na kutia ganzi. Kwa mtu wa Ugalla, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Mpanda mjini.

Na saa hazimsubiri mtu. Ugonjwa unaoongoza kwa kuua wazazi ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mama aliyekuwa akicheka anaweza kuanza kumwaga damu kondo la nyuma linapotoka, au linapokataa kutoka, na hukadiriwa kwamba asipopata msaada aweza kufa kwa muda wa saa mbili hivi. Kuna kifafa cha mimba, ambacho hutanguliwa na kuumwa kichwa kikali, macho kuona kiwi na uso kuvimba. Kuna uchungu pingamizi, mtoto anapokwama, ambao mama akipona huweza kumwachia fistula na kumfanya avuje mkojo miaka nenda rudi.

Magonjwa hayo yote yana tiba, na mengi ya tiba hizo si ghali. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Wakunga walitumia karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo, inayokinga damu chini ya mzazi ili waione mapema inapozidi, kisha wakatoa tiba zote kwa pamoja pasipo kungoja moja ishindwe. Damu kutoka kwa wingi wa kutisha ilipungua kwa asilimia 60. Lakini ili mama aifaidi karatasi hiyo, hapana budi awepo mahali ilipo.

Uzazi ni Bure, Njia si Bure

Kwa sera ya nchi, mja mzito halipi katika zahanati na hospitali za serikali. Ni sera njema sana, na anayemtoza mama kwa siri apaswa kuulizwa. Lakini twapaswa kukiri kwamba bei ya kujifungua kwa mtu wa Ugalla haianzii katika dirisha la hospitali. Inaanzia nyumbani.

Kuna nauli ya kwenda na nauli ya kurudi. Kuna nauli ya ndugu anayemsindikiza na chakula chake. Kuna mahali pa kulala wakati wa kungoja. Kuna glovu, pamba, wembe, uzi wa kitovu na mpira wa kutandika, vitu ambavyo zahanati iliyoishiwa huwaomba wazazi waje navyo. Kuna kanga na beseni, ambavyo mwanamke maskini huona haya kuvikosa mbele ya wenzake, hata akaona heri abaki nyumbani. Kuna shamba linaloachwa bila mpalilio na watoto wanaoachwa kwa jirani. Jumlisha hayo, ndugu mfanyakazi, uone kama mkulima mwenye gunia mbili za mahindi aweza kuyapata usiku mmoja.

Kwa hiyo tunapomwita mama wa kijijini mjinga kwa sababu hakwenda hospitali, mara nyingi tunamwonea. Yeye amepiga hesabu, na hesabu imemshinda.

Wapo waliolitambua jambo hili wakalitafutia dawa. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliona kwamba wanawake wenye fistula hawaji ingawa upasuaji ni bure. Ikaanza kuwatumia nauli kwa simu huko huko waliko, nao wakaja. Kwa jirani zetu wa Kigoma, tangu mwaka 2006 vituo vya afya vya vijijini vilikarabatiwa kwa msaada wa wafadhili, na madaktari wasaidizi na wauguzi wakafundishwa kupasua na kutia ganzi, ili mama asilazimike kusafirishwa hadi mjini. Serikali nayo imekarabati vituo vingi vya afya nchini kwa njia hiyo hiyo.

Tena kuna mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kwa ajili ya nchi nzima mwaka 2022. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea humwuliza hali ya mama au ya mtoto mchanga, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na lisipokuwapo huita dereva wa kawaida aliyeandikishwa, ambaye hulipwa na mpango kwa njia ya simu. Kila nyumba yenye mja mzito yapasa kuiandika namba hiyo ukutani kwa mkaa kama kalamu haipo.

Lakini hata 115 ina mipaka yake. Simu ikikosa mtandao haiiti, na gari halipiti juu ya maji. Kwa mtu aliye mbali sana, dawa iliyo ya hakika ni kuondoka mapema. Ndiyo maana sehemu kadhaa za nchi zimejenga nyumba za kusubiria karibu na hospitali, ambapo mja mzito hukaa majuma yake ya mwisho, akipika na kupumzika, ili uchungu umkute hatua chache kutoka kwa mkunga. Tahadhari kabla ya hatari.

Kazi ya Aliye Mjini

Turudi basi kwa msomaji wetu na tikiti yake ya stendi.

Mimba ya kwanza ni miongoni mwa mimba ambazo wauguzi hushauri zijifunguliwe katika kituo cha afya chenye upasuaji au hospitali. Hali kadhalika mimba ya tano na kuendelea, mimba ya pacha, mama aliyepata kupasuliwa, na mama mwenye presha. Tazama basi kinyume chetu. Mume anakaa mji wenye hospitali mwendo wa daladala moja. Mkewe, katika uzazi ule ule unaohitaji hospitali kuliko wote, humpakia basi akamwacha mahali ambapo hospitali iko mbali.

Desturi yaweza kuheshimiwa bila ya kumhatarisha mtu. Mama mzazi aletwe mjini kwa mwezi mmoja, nauli yake ni nafuu kuliko jeneza. Au mke ajifungulie mjini, kisha aende kwao kulelewa arobaini ikiisha. Au kama ni lazima aende kwao, basi mwezi wa mwisho asikae kijijini, bali akae kwa ndugu aliye Mpanda mjini au mji mwingine wenye hospitali, na mume atume fedha ya kumlisha yeye na mwenyeji wake.

Na kwa yule ambaye dada yake, binti yake au mke wa kaka yake anaishi huko huko kijijini, kuna mambo machache ya kufanya mimba inapotimiza miezi mitano au sita, si siku ya uchungu. Ulizeni tarehe ya makisio iliyoandikwa katika kadi. Wekeni akiba ndogo ndogo kila mwezi kwa ajili ya nauli, ikae kwa mtu anayeaminika huko huko, maana fedha iliyo katika simu ya mume aliye Dar es Salaam haimfai mama saa nane za usiku. Akiba haiozi. Mchagueni dereva au mwenye pikipiki mapema, mwafikiane bei. Watafuteni ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Muhimu kuliko yote, mume atamke mbele ya wazazi kwamba mkewe akiumwa asingojewe ruhusa ya mtu. Neno hilo moja halina gharama, nalo hufuta ucheleweshaji wa kwanza kabisa.

Wakunga wa jadi nao tusiwatukane. Wamezalisha mabibi zetu, na mama wa kijijini huwaamini. Kazi yao ya leo iwe kumsindikiza mama hadi kwa mkunga wa zahanati na kukaa naye, wasimzuie nyumbani.

Pana jambo jingine la kutuhuzunisha. Utafiti ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Katavi, wasichana 45 kwa kila mia wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kupata mimba, hali wastani wa taifa ulikuwa 27. Nyonga ya mtoto haijakomaa kupitisha mtoto. Msichana huyo huficha mimba, huchelewa kliniki, na hana sauti nyumbani. Tukimficha kwa aibu, tunamsukuma mbali zaidi na daktari.

Kwa Wenye Dhamana

Halmashauri nazo zina lao. Jengo lisilo na nyumba ya mwuguzi hufungwa jioni, na watoto wengi hupenda kuzaliwa usiku. Maji, taa na kauli njema ni sehemu ya matibabu. Mama aliyetukanwa katika uzazi wa kwanza hubaki nyumbani katika uzazi wa pili, na jirani zake wakabaki naye. Nyumba ya kusubiria haihitaji fahari, bali paa lisilovuja, jiko, choo na mlango unaofungwa. Wananchi waliokwisha kujitolea kufyatua matofali ya shule na zahanati hawatashindwa kufyatua ya nyumba hiyo wakiongozwa.

Mvua za Katavi huanza Novemba. Yeyote mwenye mja mzito pande za Ugalla ambaye siku zake zitaangukia kati ya mwezi huo na Aprili aanze kupanga sasa, wakati barabara ingali kavu. Na yule ambaye leo jioni anataka kwenda kukata tikiti ya mkewe, aketi naye kwanza na kadi ya kliniki mezani, waulizane lile swali la mwendo.

Tukutane Jumapili ijayo.